Medali ya Babu, Rupia ya Mjerumani na Ganda la Risasi: Namna ya Kukitambua Kitu cha Vita

Mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilipotoa siku saba kwa raia kusalimisha sare za jeshi na mavazi yanayofanana nazo, mjadala uliozuka jijini Dar es Salaam haukuishia kwenye suruali za mabakamabaka zinazouzwa mitumbani. Katika baadhi ya nyumba za Ilala, Magomeni na Temeke yamo masanduku ya bati yenye koti la khaki la babu aliyepigana Burma, mkanda wa mzee aliyerudi kutoka Kampala mwaka 1979, au medali iliyoviringishwa ndani ya kitambaa, na wenye nyumba wakaanza kuulizana kama vitu hivyo navyo vinatakiwa kupelekwa kituoni. Wakati huohuo picha za medali na rupia za zamani zinaendelea kuzunguka kwenye makundi ya simu zikiwa na swali moja tu chini yake: hii inauzwaje? Majibu yanayotolewa huwa mchanganyiko wa sheria isiyosomwa, historia ya kusikia na tamaa.

Ni vyema kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Kumbukumbu za vita, kwa maana ya makala haya, ni vitu vilivyovaliwa, kutumiwa, kutolewa au kuachwa kwa sababu ya vita. Vipo vile ambavyo serikali humpa askari kwa utumishi wake, yaani nishani, medali na vyeti. Yapo mavazi pamoja na beji na vifungo vyake. Zipo silaha na risasi. Na vipo vitu vya maisha ya kawaida vilivyozaliwa na vita, kama vile fedha za dharura, barua na picha. Mgawanyo huu si wa kitaaluma tu, kwa sababu sheria inavitazama vitu hivyo kwa macho tofauti, na anayeviweka vyote katika fungu moja ndiye huyo anayeitupa medali ya halali kwa hofu huku akiihifadhi bunduki chini ya kitanda.

Tuanze na medali, kwa kuwa ndizo zinazokanganya watu zaidi. Wengi hudhani kwamba kila medali ni tuzo ya ushujaa, na familia nyingi zimesimulia kwa miaka jinsi babu alivyoteka mzinga peke yake. Huenda aliuteka, lakini medali aliyonayo mara nyingi haisemi hivyo. Nishani ya ushujaa hutolewa kwa mtu mmoja kwa tendo alilolitenda. Medali ya kampeni hutolewa kwa kila aliyetumikia mahali fulani kwa muda uliowekwa, awe alifyatua risasi au alipika ugali wa kikosi. Sehemu kubwa ya zile zilizobaki mikononi mwa familia za askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza ambalo wazee walizoea kuliita KAR, ni za kampeni.

Chukua ile inayoonekana mara nyingi. Ni ya duara, rangi yake inakaribia fedha, na kipenyo chake ni milimita 36. Upande mmoja kuna kichwa cha Mfalme George wa Sita akiwa amevaa taji na kutazama kushoto. Upande wa pili simba amesimama juu ya dubwana lenye vichwa viwili, na juu yake imeandikwa miaka 1939 na 1945. Utepe wake ni mwekundu pembeni, kisha buluu, na katikati kuna mistari myembamba, mmoja mwekundu uliobanwa na miwili myeupe. Hiyo ni Medali ya Vita ya 1939 hadi 1945, na kigezo chake kilikuwa siku 28 za utumishi. Ile iliyotolewa na Uingereza imetengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, kwa hiyo kama kuna sonara aliyekuambia ni fedha tupu, basi hajaipima.

Pamoja na medali hiyo mara nyingi hukutwa nyota moja au mbili zenye ncha sita, za rangi ya shaba ya njano, zikiwa na herufi GRI na tarakimu VI katikati. Nyota ya Afrika ilitolewa, miongoni mwa wengine, kwa waliopigana Abyssinia na Somalia dhidi ya Waitaliano mwaka 1940 na 1941; Nyota ya Burma ilitolewa kwa waliopelekwa kupambana na Wajapani, wakiwemo askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Jina la kila nyota limeandikwa kwenye duara linalozizunguka herufi zile, na hapo ndipo pa kutazama kwanza, kwa sababu tepe huchakaa na watu huzibadilisha bila kujua. Nyota ya Burma yenye utepe wa Afrika si bandia kwa sababu hiyo peke yake; pengine shangazi aliishona upya kwa kile kilichokuwepo.

Kosa jingine ni lile la jina. Medali za Uingereza za Vita Kuu ya Kwanza zilipigwa chapa namba, cheo, jina na kikosi cha askari: za duara kwenye ukingo, nyota ya 1914–15 kwa nyuma. Katika vita vya pili Uingereza iliacha utaratibu huo kwa nyota na medali zake za kampeni. Hivyo mnunuzi anayekuambia kwamba Nyota ya Burma ya babu yako ni bandia kwa kuwa haina jina, ama hajui kazi yake ama anaijua vizuri mno. Afrika Kusini, kwa upande wake, iliendelea kuandika majina, na medali ya 1945 yenye jina ukingoni inaweza kuwa imetokea huko. Ile ya fedha halisi ni ya vita vya kwanza, yenye Mfalme George wa Tano upande mmoja na mpanda farasi aliye uchi upande wa pili, pamoja na miaka 1914 na 1918. Duniani kote nyingi za aina hiyo ziliishia kwenye tanuri za masonara kila bei ya fedha ilipopanda, kila moja ikiwa na jina la mtu ukingoni.

Kwa upande wa Wajerumani, kinachotafutwa zaidi ni Msalaba wa Chuma wa 1914, na ndicho kinachoigwa zaidi pia. Ulio halisi hujengwa kwa vipande vitatu: moyo wa chuma uliopakwa rangi nyeusi, na fremu ya fedha ya vipande viwili iliyounganishwa kuuzunguka. Sumaku huushika moyo huo, ilhali misalaba mingi ya kuiga ni kipande kimoja cha madini laini kilichomiminwa katika kalibu, na ukiitazama kwa kioo cha kukuza utaona vitundu vya mapovu na herufi zilizolegea kana kwamba zimeyeyuka kidogo. Kipimo hiki cha vitundu na herufi kinafaa kwa medali zote, kwa maana medali halisi kwa kawaida hupigwa kwa mashine yenye nguvu, haimiminwi.

Hata hivyo, kukitambua kitu hakuishii kwenye kujua ni cha aina gani. Kitu cha vita kisicho na maelezo ya kimetoka kwa nani ni kama gari lisilo na kadi: linatembea, lakini mnunuzi makini hataligusa na wewe mwenyewe huwezi kuthibitisha kuwa ni lako. Ndiyo maana cheti cha kuachishwa jeshi kilicholiwa na mende pembeni, kitabu cha mshahara, au picha ya kikosi yenye namba za askari nyuma yake, vina uzito kuliko chuma chenyewe, na inasikitisha kwamba katika mirathi yetu chuma hugombewa na karatasi huwashiwa moto pamoja na takataka za msiba.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu majina ya waliotumika hayakuandikwa yalipopaswa kuandikwa. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ndiyo inayotunza makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara iendayo Bagamoyo, ilitoa ripoti mwezi Aprili 2021 ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza hawakuorodheshwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Hao ni pamoja na wapagazi wa Carrier Corps, kikosi kilichoacha jina lake Kariakoo. Sanamu ya Askari pale katikati ya mji, iliyozinduliwa mwaka 1927, ina maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yale ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Yanamwambia anayepita kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Ukiizunguka sanamu yote hutakuta jina la askari hata mmoja. Kwa familia ambayo mzee wake alikuwa mpagazi au askari, medali yenye namba ukingoni pamoja na karatasi yake inaweza kuwa ndiyo kumbukumbu pekee ya maandishi iliyopo.

Madhara ya kupoteza maelezo yanaonekana vizuri katika suala la fuvu la Mtwa Mkwawa, ambalo bila shaka si kitu cha kukusanywa na yeyote, lakini linafundisha. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu chake cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe. Miaka zaidi ya thelathini ilipita, na ni Gavana Edward Twining aliyekwenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la Bremen mwaka 1953. Alikuta mafuvu mengi yasiyo na majina, akalazimika kuchagua kwa vipimo vya umbo na kwa tundu lililofanana na la risasi. Fuvu hilo lilikabidhiwa Kalenga mwaka 1954 na lipo huko hadi leo, na mjadala wa wanahistoria kama ndilo lenyewe haujafungwa. Yote hayo kwa kukosa kipande cha karatasi.

Tukija kwenye maganda ya risasi, ambayo wakulima wa Tanga, Lindi na Rufiji huyafukua kwa jembe, kitako cha ganda ndicho kinachosomwa. Ganda la bunduki ya Kiingereza lina mdomo uliotokeza kuzunguka kitako, na juu yake hupigwa herufi za kiwanda, kwa mfano K kwa Kynoch au RL kwa maabara ya serikali ya Woolwich, pamoja na mwaka. Ganda la Mjerumani la milimita 7.92 halina mdomo uliotokeza, na maandishi yake hukaa pande nne: kiwanda, mwezi, mwaka, na mara nyingi S67, alama inayohusu kiwango cha shaba katika madini yake. Lipo pia ganda nene la milimita 11, la bunduki ya mtindo wa 1871, ambayo ndiyo askari wengi wa Kijerumani walianza nayo vita mwaka 1914. Baruti yake ilitoa moshi mzito uliomtangaza mpigaji kila alipofyatua. Bunduki mpya zililetwa na meli zilizopenya vizuizi vya Waingereza, Rubens iliyofika ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga mwaka 1915 na Marie iliyofika Sudi mwaka 1916.

Lakini ganda linaeleza limetengenezwa wapi, halielezi nani alilifyatua. Baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, Waingereza waliporudi melini waliacha ufukweni bunduki kwa mamia na risasi zinazokadiriwa kufikia 600,000, na jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, likazitumia. Kwa hiyo ganda la Kiingereza lililookotwa porini linaweza kabisa kuwa lilitoka kwenye bunduki ya askari wa Mjerumani, na yeyote anayechora ramani ya mapigano kwa maganda matatu mkononi anajidanganya.

Yote hayo yanahusu ganda tupu. Kitu chochote ambacho bado kina kichwa cha risasi, na kila chenye umbo la bomu, guruneti au kombora, hakitambuliwi na raia. Huachwa palepale kilipo, huwekewa alama kwa mbali na polisi hupewa taarifa. Umri haukiondolei hatari, maana vilipuzi vingi huzidi kutotabirika kadiri vinavyozeeka. Novemba 2017, katika shule ya msingi Kihinga wilayani Ngara, guruneti lililookotwa na mtoto akidhani ni chuma chakavu lililipuka na kuua wanafunzi watano na kujeruhi wengine wengi. Wakazi wa Mbagala walioshuhudia milipuko ya ghala la jeshi mwaka 2009, na wale wa Gongo la Mboto mwaka 2011, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa hazina ya Mjerumani. Uvumi wa dhahabu iliyofukiwa chini ya miti, mawe yenye alama na kuta za maboma umewafilisi watu wengi, na una chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana haufi. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na hawana fedha kutoka kwao, walipiga sarafu katika karakana ya reli mjini Tabora. Walitumia dhahabu ya mgodi wa Sekenke kutengeneza sarafu ya rupia 15 yenye tembo mbele ya mlima upande mmoja na tai upande mwingine, na walipiga kwa wingi zaidi senti za shaba, za heller 5 na 20, zenye herufi T. Kazi hiyo ilikoma Wabelgiji walipouchukua mji huo Septemba mwaka huohuo. Sarafu za dhahabu zilizotengenezwa ni 16,000 na kidogo, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 7 na ushei, na robo ya uzito huo si dhahabu. Fanya hesabu: zote kwa pamoja, hata kama hakuna iliyowahi kutumika, hazifiki kilo 120. Kwa kuwa zilitumika na kusambaa, ile shehena ya malori ambayo dalali anakuomba uichangie fedha ya mganga na ya kuchimba haikuwahi kuwepo kwa sura hiyo.

Sarafu yenyewe ipo na ina thamani kubwa kwa wakusanyaji, na kwa sababu hiyohiyo imeigwa mno. Mizani ya sonara inayosoma sehemu za gramu huwaumbua waigaji wengi kwa dakika moja. Rupia ya fedha yenye Kaisari Wilhelm aliyevaa kofia ya tai ni nyingi zaidi, na haina uwezo wowote wa kuvuta mchele au kufukuza kuku. Zebaki nyekundu, inayosemekana kufichwa ndani ya vitu vya Wajerumani na ndani ya mabomu ya zamani, haipo kama inavyosimuliwa, na wapo watu kusini mwa Afrika waliopoteza maisha wakipasua vilipuzi kuitafuta. Noti za Uganda zenye picha ya Idi Amin, ambazo wapiganaji wetu walirudi nazo, nazo si utajiri. Zilichapishwa nyingi na bado ziko nyingi.

Kuhusu sheria, lile swali la Agosti 2023 lina majibu zaidi ya moja. Medali aliyopewa mzee kwa halali si sare na haikuwa shabaha ya tangazo lile. Koti, suruali au kofia ya JWTZ, hata ya mwaka 1978, ni vazi la jeshi letu na linaangukia moja kwa moja ndani ya katazo. Koti la KAR ni la jeshi lisilokuwepo tena, lakini macho ya askari wa doria hayatofautishi khaki na khaki, kwa hiyo halifai kuvaliwa mtaani hata kwa sherehe, na njia salama ni kuuliza uongozi wa jeshi au Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert kabla ya kuamua. Bunduki na risasi zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kuwa kitu cha urithi hakumpi mtu kinga. Serikali imekuwa ikitoa vipindi vya msamaha vya kusalimisha silaha kwa hiari, na hiyo ndiyo nafasi ya kuitumia.

Mambo ya kale nayo yana sheria yake ya mwaka 1964, na hapa watu hukosea pande zote mbili. Wapo wanaosema kila kilichoachwa na Mjerumani ni mali ya kale ya serikali, ilhali mpaka wa umri uliowekwa na sheria hiyo kwa masalia ni mwaka 1863, yaani kabla ya utawala wa Kijerumani. Wapo pia wanaodhani kwamba kwa sababu hiyo wanaweza kuchimba boma lolote, wakati majengo na maeneo ya baadaye yanaweza kutangazwa kuwa ya kulindwa, na kuchimba au kusafirisha nje vitu vinavyolindwa kunahitaji kibali. Makaburi hayachimbwi, na sidhani kama hilo linahitaji kifungu.

Adui mkubwa wa kitu ambacho kimekwisha kutambuliwa ni usafi. Mtu akipata medali jambo la kwanza ni kuisugua kwa Brasso, majivu au ndimu hadi ing'ae, na kwa kufanya hivyo anaondoa ngozi ya juu ya chuma pamoja na ukali wa herufi za ukingoni, ambazo ndizo zilizobeba jina. Vumbi hufutwa kwa kitambaa laini kikavu, basi. Kwa hewa ya chumvi ya mji huu, medali haifai kukaa ukutani karibu na dirisha wala ndani ya mfuko wa nailoni unaofungia unyevu. Ihifadhiwe ndani ya karatasi safi isiyo na wino, katika kisanduku chenye vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Gazeti lisitumike, kwa kuwa karatasi yake ina asidi na wino wake huhamia kwenye utepe.

Kwa vitu vya Vita vya Kagera bado ipo nafasi ambayo kwa vya Burma imekwisha kupita kwa familia nyingi: mwenyewe anaweza kuulizwa. Aulizwe namba yake ya jeshi kwanza, kabla ya masimulizi, kwa kuwa namba ndiyo inayofungua jalada. Kisha kikosi, aliingia Uganda kupitia wapi, na kitu kile alikipata lini na kwa nani, kama ni mkanda aliogawiwa au sufuria aliyookota Mutukula. Majibu yaandikwe siku hiyohiyo kwenye karatasi inayokaa pamoja na kitu, si kwenye simu itakayobadilishwa mwakani. Picha za kikosi ziandikwe nyuma kwa penseli laini, majina yakifuata mpangilio wa waliosimama kutoka kushoto, kwa sababu kalamu ya wino huacha mkandamizo unaotokeza usoni kwa waliopigwa picha, na wino wenyewe hupenya.